Mwendo wa pole, lakini si wa kulazimishwa

Tangu vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, wajumbe wetu hawapandi tena ndege pale. Wanapita ziwani ao kwa barabara. Wengine wanasema: ni vizuri, moshi umepungua.

Tusijidanganye. Mwendo wa pole unaoletwa na vita si utunzaji wa uumbaji. Mapigano yalipokata barabara ya Sake na Minova, watu walikimbilia mashua. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua kutoka Minova, iliyopakia kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku. Watu wengi walikufa.

Lakini kalenda ya kanisa iko mikononi mwetu. Tuunganishe mikutano mitatu kuwa mmoja: safari zitapungua, mafuta na sadaka vilevile. Mjumbe akifika, akae juma zima, atembelee wagonjwa, apande miti pamoja na vijana, kuliko kuhubiri saa mbili na kurudi. Na mashua ikijaa, angoje ya kesho, nasi tumngoje bila kunung'unika. Mkutano kuchelewa siku moja ni afadhali kuliko matanga.