Mawe Meusi ya Mbulu Yaachwe Mahali Pake

Mvua za kwanza zikiisha kunyesha na jembe likageuza udongo, mkulima wa nyanda za juu za Mbulu, au yule wa upande wa Hanang, huweza kukuta kipande kidogo cha jiwe jeusi, king'aacho kama kigae cha chupa. Walio wengi hukipita. Mtoto wa malishoni hukiokota akamtupia ndege. Wako na wengine, waliopata elimu kidogo, ambao hukitia mfukoni kiwe pambo la mezani. Na hao ndio tunaotaka kusema nao leo.

Jiwe hilo ni obsidiani, yaani lava iliyopoa upesi hata ikawa kioo. Likipasuliwa kwa ustadi hutoa makali ya wembe, na wazee wa kale walilifanyia visu na vikwaruzo. Mtu angedhani limetoka mlima Hanang wenyewe, maana nao ni volkano. La! Lava ya Hanang si ya namna hiyo.

Pale Luxmanda, katika nyanda hizo hizo, Profesa Audax Mabulla wa kwetu pamoja na wenzake Mary Prendergast na Katherine Grillo walichimba makao ya wafugaji walioishi hapo yapata miaka 3,000 iliyopita, watu wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, wenye vyungu vya kunakshiwa. Obsidiani yao ilipopimwa ilionekana imetoka pande za Naivasha, nchini Kenya, mwendo wa kilomita 400 hivi. Kila mlima una mchanganyiko wake wa madini katika kioo chake, na mashine ya miale huusoma bila kulivunja jiwe. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa kana kwamba biashara ya bara ilianza na misafara ya pwani. Kumbe jiwe lilikwisha kusafiri kutoka Naivasha hadi Mbulu, kabla ya mpaka na kabla ya karani wa forodha!

Lakini habari hizo hazimo ndani ya jiwe peke yake. Mashine itatuambia lilikotoka. Ni nani aliyelitumia, na zamani zipi, hutuambia udongo uliolifunika, na mkaa na mifupa iliyolala kando yake. Aliyeliokota asiandike mahali ameokota kioo tu.

Mali kama hii imekwisha kutuponyoka. Katika miaka ya 1930 Ludwig Kohl-Larsen, Mjerumani, na mkewe Margit walichimba pango la Mumba karibu na ziwa Eyasi, ambalo zamani hizo lilikuwa katika wilaya ya Mbulu na sasa limo Karatu. Vitu walivyovikusanya vilikwenda Tübingen. Mwanafunzi wa Mbulu atakaye kuvitazama hana budi kupanda ndege.

Sheria tunayo tangu mwaka 1964. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 vinalindwa. Havichimbwi pasipo leseni wala havitolewi nchini pasipo kibali. Ni sheria njema, ila twauliza, ni wangapi vijijini waliopata kuisikia?

Tunajua watakaotucheka. Watasema wananchi wa Hanang, waliofikiwa na maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, wana shida kubwa kuliko vigae vya mawe. Ni kweli, wala hatuombi fedha ya maji na barabara iguswe. Tunaomba chumba kimoja katika kila wilaya, kabati lenye kufuli, daftari, na maelezo ya Kiswahili ambayo mchungaji aweza kuyasoma.

Mkulima akikuta mawe hayo yafaa ayaache hapo hapo, ashike alama ya mahali, mti au kona ya shamba, kisha ampelekee habari ofisa mtendaji wa kijiji. Na ofisa naye asimrudishe kwa dharau, wala asimtishe kwamba shamba lake litatwaliwa. Mkulima akitishwa mara moja, mwaka ujao atayafukia mawe kimya kimya na kupanda mahindi juu yake, nasi hatutakuwa na haki ya kumlaumu.