FUNDI WA NYUMBANI: Spana ya Racheti Ikianza Kuteleza

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo aghalabu hutajwa kwa habari za nyumba, lakini lawafaa vilevile wenye vyombo vya kazi. Spana ya racheti, ile yenye kichwa kinacholia "krr, krr" mkono unaporudishwa nyuma, ni chombo chenye adabu: huonya kabla ya kuharibika. Leo huruka jino moja, kesho mawili. Asiyejali onyo hilo hulipa kwa ngozi ya vidole vyake, au kwa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa jambo jingine.

Mfano mzuri ni wa koplo mmoja wa polisi, dereva, akaaye na jamaa yake katika nyumba za askari nje kidogo ya Kampala. Siku zake za mapumziko hutengeneza pikipiki za bodaboda chini ya mwembe ulio mbele ya mlango wake, na kwa kazi hiyo alijinunulia kidogo kidogo seti ya soketi za nusu inchi. Jioni moja, alipokuwa akikaza nati ya gurudumu la nyuma, racheti iliteleza ghafla. Ngumi yake iligonga chuma, akachubuka vifundo vitatu. Kulipokucha alimwambia mkewe kwamba spana imekufa, na kwamba hapana budi zichukuliwe fedha kidogo katika karo ya mtoto wa tatu ili inunuliwe nyingine.

"Baba Watoto," mkewe alimwuliza, "umeifungua ukaiona ndani?"

"Mama Watoto, vitu hivi havifunguliwi. Vikifa vimekufa."

"Cherehani yangu nayo ilipokaza ulisema imekufa. Kumbe yalikuwa mafuta yaliyoganda. Leo ndiyo inayowavalisha watoto wa kambi nzima."

Koplo hakuwa na la kujibu. Alikwenda akaleta bisibisi.

KILICHOMO NDANI YA KICHWA

Chombo hiki si cha jana. Mmarekani J. J. Richardson wa Woodstock, Vermont, alipewa hataza ya spana ya racheti yenye soketi za kubadilishwa mwaka 1863, na msingi wa kazi yake ungali uleule. Ndani ya kichwa mna gurudumu dogo lenye meno, lililoungana na ule mraba unaoingia katika soketi. Kando yake mna kipande cha chuma chenye meno machache, ambacho hapa kitaitwa kidole, kwa kuwa kazi yake ni kushika. Nyuma ya kidole mna springi ndogo, na katika racheti nyingi mna gololi ndogo pia. Juu au nyuma ya kichwa kipo kigeuzo cha kuchagua upande wa kukaza au wa kufungua.

Mkono unapovutwa upande wa kazi, kidole hubanwa kati ya meno ya gurudumu na ukuta wa kichwa, nalo gurudumu likashikwa barabara. Mkono unaporudishwa, meno hukisukuma kidole kando, springi ikakirudisha, na huo ndio mlio unaosikika. Racheti yenye meno 36 hushika kila nyuzi 10 za mzunguko. Yenye meno 72 hushika kila nyuzi 5. Yenye meno mengi hufaa mahali pembamba ambapo mkono hauna nafasi ya kwenda mbali. Lakini meno hayo ni madogo, na uchafu kidogo tu huyazuia yasiumane.

Mtu akiisha kuelewa hayo, ugonjwa wa kuteleza hauna siri tena. Racheti huteleza kwa sababu kidole hakikuingia sawasawa katika meno. Sababu zake ni nne: uchafu au grisi nzito iliyokizuia kidole, springi iliyochoka au kuvunjika, meno yaliyolika au kumeguka, na kichwa kilichopasuka au kupanuka. Ya kwanza huponywa kwa mafuta ya taa na mswaki. Ya pili na ya tatu huhitaji vipuri. Ya nne haina dawa.

KUFUNGUA BILA KUPOTEZA

Mahali pa kufungulia pawe na mwanga wa kutosha, na kazi ifanyike juu ya sinia lililotandikwa kitambaa cheupe. Kichwa hupanguswa kwanza kwa nje, ili mchanga usiingie ndani. Racheti nyingi zina kifuniko kilichoshikwa kwa skrubu mbili. Nyingine zina pete ya springi inayotolewa kwa koleo yake maalumu. Bisibisi ienee sawasawa katika mfuo wa skrubu, kwani skrubu hizo ni laini na mfuo ukiharibika kazi huwa ngumu maradufu. Iliyofungwa kwa ribiti haikukusudiwa kufunguliwa. Hiyo husafishwa kwa nje na kutiwa tone la mafuta, basi.

Kabla kifuniko hakijaondolewa, kichwa hufunikwa kwa kitambaa na macho hukingwa kwa miwani, maana springi ile huruka kama panzi. Kifuniko kikiisha kuondoka, kila kitu huachwa mahali pake mpaka kichorwe katika karatasi au kipigwe picha kwa simu: kidole kimeelekea wapi, springi imekaa tundu gani, gololi iko upande upi. Ndipo kitolewe kimoja kimoja na kupangwa katika sinia kwa utaratibu uleule kilivyotoka.

Koplo, kwa haraka yake, hakufunika kitambaa. Springi ilimpita sikioni ikatumbukia katika ungo wa mchele ambao binti yake alikuwa akiuchagua. Ilichukua muda mrefu kuipata, na mkewe hakusema neno, ila alicheka kidogo.

KUSAFISHA NA KUCHUNGUZA

Ndani ya kichwa hawakukuta kitu kilichovunjika. Walikuta grisi nzito ya beringi za magurudumu, imechanganyika na vumbi jekundu mpaka imekuwa kama udongo wa kufinyanga. Kijana wao mkubwa alikuwa ameishindilia humo miezi iliyopita, akidhani anafanya wema.

Vipande vyote hulowekwa katika mkebe wa mafuta ya taa, husuguliwa kwa mswaki wa zamani, kisha hukaushwa kwa kitambaa safi. Kazi hiyo hufanyika nje, mbali na jiko la makaa, mbali na sigara na mbali na watoto wadogo. Petroli isitumiwe kamwe: mvuke wake hutambaa chini na kushika moto kutoka mbali. Mafuta ya taa yaliyotumika yasimwagwe karibu na kisima wala yasirudishwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto anaweza kuyanywa.

Baada ya kusafisha hufuata uchunguzi. Meno ya gurudumu hutazamwa yote kwenye jua, likizungushwa polepole. Ncha za meno ya kidole ziwe kali na sawa. Springi ikibonyezwa irudi yenyewe. Ukuta wa kichwa usiwe na ufa hata mwembamba kama unywele. Kijinundu kidogo cha chuma kilichojitokeza pembeni chaweza kulainishwa kwa jiwe la kunolea lenye mafuta. Lakini meno yaliyolika hayachongwi kwa tupa: yakichongwa hupoteza umbo, jino moja hubeba mzigo wa mengine, na mwisho wake ni kukatika. Wala chuma hicho hakitiwi motoni, kwani kimegandishwa ugumu wake kiwandani, na makaa huuondoa ugumu huo. Springi ya kalamu ya wino nayo si mbadala wa kutegemewa. Hata ikiingia, nguvu yake na urefu wake si vile vilivyopimwa kwa kidole hicho.

Hapo ndipo koplo alipoona jambo la pili. Katika racheti nyingi za namna yake, ncha moja ya kidole hufanya kazi ya kukaza, na ya pili kazi ya kufungua. Ncha ya kufungua ilikuwa kali kama mpya. Ya kukaza ilikuwa na meno mawili yaliyoviringika. Grisi nzito ilikizuia kidole kisiingie mpaka mwisho, nayo meno yakawa yanashikana kwa ncha tu, yakalika kidogo kidogo. Kosa dogo lilikuwa limezaa kosa kubwa.

MAFUTA KIASI GANI

Kosa la kijana yule hufanywa na wengi. Racheti haihitaji grisi ya kujaza, kwa sababu kidole chake lazima kicheze upesi. Mafuta mepesi, kama ya cherehani, matone mawili au matatu yatosha. Au grisi laini ipakwe nyembamba sana, kiasi cha kung'arisha chuma tu. Kisha vipande hurudishwa kwa kufuata mchoro, skrubu hukazwa kwa kiasi, na mraba huzungushwa pande zote mbili kwa kidole cha mkono. Mlio uwe mwepesi na ulio sawa. Ukisikika mzito, au ukirukaruka, yafaa kichwa kifunguliwe tena.

Jaribio la kweli hufanyika kwa bolti iliyobanwa katika jiliwa. Nguvu huongezwa hatua kwa hatua, kwa kuvuta spana kuelekea mwilini bila kuisukuma, na uso ukiwa kando. Racheti isijaribiwe kamwe kwa mara ya kwanza katika gari lililoinuliwa kwa jeki.

YANAYOIUA RACHETI

Adui wa kwanza ni bomba. Mkono wa sentimita 25 ukiongezewa bomba mpaka ufike sentimita 100, nguvu ya kuzungusha huwa mara nne kwa mvuto uleule, na meno yale madogo hayakuumbwa kwa mzigo huo. Nati iliyoshikwa na kutu hulegezwa kwanza kwa mkono mrefu usio na racheti au kwa spana ya kawaida. Racheti huja baadaye kuimaliza. Adui wa pili ni nyundo: kichwa cha racheti si nyundo, wala hakipigwi kwa nyundo. Adui wa tatu ni maji na jasho. Wakaao karibu na ziwa, na wote katika majira ya mvua, hupangusa spana kila baada ya kazi na kuizungushia kitambaa chenye mafuta kidogo. Inayofanya kazi kila siku hufunguliwa na kusafishwa walau mara mbili kwa mwaka.

Zipo spana mbili zisizofunguliwa nyumbani. Ya kwanza ni spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Hiyo baada ya kazi hurudishwa katika kipimo chake cha chini, na hupelekwa kwa mtaalamu kupimwa upya, kwa kawaida baada ya miezi 12 au baada ya kutumika mara 5,000. Ya pili ni spana ya ghala la serikali. Askari aliyetia sahihi kwa chombo hicho akiona kinateleza, wajibu wake ni kukirudisha kwa mtunza ghala na kueleza kasoro yake. Akikifungua mwenyewe na springi ikapotea, atajibu kwa springi. Na akikaa kimya, mwenzake atakayekitumia kesho ndiye atakayeumia.

NATI ZA GURUDUMU

Usiku ule ule sajini jirani alibisha hodi.

"Koplo, gari linawapeleka watoto kwenye mechi saa moja asubuhi. Nipatie ile racheti yako nikakaze nati za gurudumu."

Koplo aliitazama spana yake. Ilikuwa inang'aa, inalia vizuri, na mkononi ilikuwa inashika. Mtu asiyeiona ndani angeisifu.

"Afande, hii sasa inafungua, haikazi," alisema. "Meno yake ya kukazia yamelika. Naweza kukukazia leo ukaona imeshika, kumbe ilikuwa inateleza nikadhani nati imefika mwisho."

Sajini hakupenda jibu hilo, lakini hakubisha. Walikwenda wawili kwa taa ya mkononi, wakachukua spana ya magurudumu ya gari lenyewe. Gari likiwa limekanyaga chini, walikaza nati kwa kupishana, kutoka upande mmoja kwenda upande wa mkabala. Nati mbili zilikubali kuzunguka karibu nusu mzunguko kabla hazijakaza. Hakuna aliyesema neno. Mtoto wa tatu wa koplo alikuwa miongoni mwa watakaosafiri.

Juma lililofuata koplo alikwenda soko la Kisekka na kidole kile kibovu mfukoni, pamoja na namba iliyopigwa katika mkono wa spana, kwa kuwa vipuri vya racheti haviingiliani ovyo. Alipata kidole na springi yake kwa bei iliyo chini sana kuliko ya spana mpya. Karo haikuguswa. Siku hiyo jioni alikaa na kijana wake mkubwa penye sinia, akamwachia bisibisi, naye akatazama tu. Kijana alitandika kitambaa juu ya kichwa cha spana kabla ya kugusa skrubu ya kwanza.

Chombo cha kazi hakiombi mengi kwa mwenyewe: kupanguswa, kutiwa tone la mafuta, na kutazamwa ndani kinapoanza kulalamika. Mwenye nyumba atendaye hayo huokoa fedha zake. Na pale kinapokuwa hakiponi, kusema wazi kwamba hakifai ni sehemu ya ufundi vilevile.