Kupamba gato na vitu tuko navyo nyumbani



Mara hii tunajibu ulizo moja ambalo linarudi karibu kila wakati wa ndoa: «Pasta, gato tunajua kuoka. Lakini ile ya kupaka juu tutaitoa wapi? Sukari ya unga hakuna kwa soko, na siagi ni bei kali.» Ulizo hili si dogo. Kuna familia zinachukua deni kwa sababu ya kupamba gato tu, na deni lile linabaki kisha wageni kurudi kwao. Kuna wengine wanabadilisha vitu hovyo-hovyo, na kesho yake watoto wanaumwa tumbo. Basi, tuseme jambo hili polepole.

Sisi watu wa Kasumbalesa tunakula kwa mupaka. Sukari ya inchi yetu inatoka Kwilu-Ngongo, kule Kongo Central, mbali sana na sisi. Ile ya Mazabuka, kwa Zambia, iko karibu zaidi, inapita Chililabombwe na kutufikia. Lakini mupaka ni mulango, na mulango unaweza kufungwa. Mwezi wa nane wa mwaka 2024, Zambia ilifunga mupaka kwa siku chache, kisha Kongo kukataza kuingiza bia na vinywaji vitamu. Mama mwenye kuwa na gato ya ndoa wiki ile alipashwa kutumia akili.

Na si sisi wa kwanza kupata shida hii. Wakati wa vita, mwaka 1940, serikali ya Uingereza ilikataza kupaka sukari juu ya gato, maana sukari ilikuwa haba. Watu wa ndoa walifanya nini? Walikodi kifuniko cha kartoni ao cha plasta, cheupe, kizuri, wakafunika nacho gato ndogo ya kawaida. Watu wakapiga picha, kisha wakafunua na kula gato. Na ndoa zao zilikuwa ndoa kamili!

KILA KITU KINA KAZI YAKE

Hili ndilo jambo kubwa la leo. Mufanyakazi wa mugodi hawezi kutoa nguzo moja ndani ya shimo na kuweka ingine bila kujua ile ya kwanza ilikuwa inabeba nini. Na gato ni vile vile. Mbele ya kubadilisha kitu, uliza: kilikuwa na kazi gani? Sukari inaleta utamu, tena ndiyo inashupaza kreme. Siagi inashika hewa na kufanya kreme isimame. Maziwa ao maji inalegeza. Ukitoa kitu, weka kingine chenye kufanya kazi ileile.

Sukari ya unga (ile wauzaji wanaita sikre glase). Hii ni sukari ya kila siku iliyosagwa laini sana, pamoja na amido kidogo ya mahindi. Basi mutu anaweza kuitengeneza mwenyewe. Twanga kopo 1 ya sukari (karibu gramu 200), chuja kwa kitambaa chepesi ao chujio la matundu madogo, rudisha chembe ndani ya kinu, twanga tena. Kisha changa na kijiko 1 cha supu cha amido. Kazi ya amido ni kunywa unyevu ili sukari isishikamane. Wakati wa mvua usiisahau. Angalieni: kinu kiwe kikavu, tena kisiwe kile cha kutwangia sombe na vitunguu, maana harufu haitoki! Na usipochuja vizuri, kreme italia kwa meno kama muchanga.

Siagi. Margarini inafanya kazi yake vizuri, kipimo kwa kipimo. Gramu 125 za margarini, gramu 250 za sukari ya unga, piga mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Margarini inakuwaka laini kuliko siagi, kwa hiyo maziwa utie kijiko 1 tu kwanza, na uangalie. Ikiwa na chumvi, musiongeze chumvi ingine. Lakini mafuta ya maji, ile ya kukaangia, hapana. Haiwezi kushika hewa, kreme itatiririka. Na mafuta ya ngazi tuiachie sombe.

KREME YA MAZIWA NA FARINI

Kama hauna sukari ya unga, na hauna nguvu ya kutwanga, kuna njia ingine. Haiombi sukari ya unga hata kidogo.

Chukua vijiko 2 na nusu vya supu vya farini, nusu kopo ya maziwa, gramu 100 za sukari ya kawaida na gramu 125 za margarini. Maziwa ya unga yaliyokorogwa ndani ya maji ya kuchemka yanafaa kabisa. Changa farini, sukari na maziwa ndani ya nyungu ndogo. Weka juu ya mbabula yenye makala kidogo, koroga bila kuacha mpaka iwe nzito sawa bukari laini ya mutoto, na chembe za sukari ziishe. Toa, funika, acha ipoe kabisa. Musiharakishe hapa! Ikiwa na joto hata kidogo, itayeyusha margarini, na kazi yote itaharibika. Kisha piga margarini peke yake mpaka iwe nyepesi, ongeza ule uji kijiko kwa kijiko, na kupiga. Utapata kreme nyeupe, laini, isiyo tamu kupita kiasi. Sukari imekwenda gramu 100 tu, pahali pa 250.

Lakini kreme hii iko na maziwa ndani. Itengenezwe siku ileile, ipakwe karibu na saa ya kukata gato, na isilale bila frigo. Kama sherehe ni ndefu, ao ni mwezi wa kumi wakati wa joto kali, ao umeme umekatika, chagueni glasaji ya limau: kopo 1 ya sukari ya unga na kijiko 1 cha supu cha maji ya limau, ukiongeza tone kwa tone mpaka imwangike polepole. Paka juu ya gato iliyopoa. Itakauka na kushupaa, bila frigo.

MAMBO MAWILI YA KUKATAA

La kwanza, yai mbichi. Wengi wanapiga weupe wa yai na sukari, na ni kweli inapendeza macho. Lakini yai linaweza kuonekana safi na kubeba kijidudu kinachoitwa salmonela. Mutu mwenye nguvu anaweza kuhara siku chache na kupona. Mutoto mudogo, mama mwenye mimba na muzee wanaweza kuumwa sana. Kwa kushupaza glasaji, maji ya limau yanatosha.

La pili, rangi isiyo ya chakula. Rangi ya vitambaa, wino na poda zisizo na jina si za kuingia kwa kinywa. Maji ya beterave yanaleta waridi, kakao inaleta kahawia, na kahawa nzito kidogo vile vile. Tia matone machache, maana maji mengi yanalegeza kreme.

Vijana wenye kutengeneza ndoa mwaka huu, hesabuni vizuri. Gato ndogo yenye glasaji ya limau, iliyolipwa, ni bora kuliko gato ya ngazi tatu iliyokopwa. Na ninyi banamama wenye kuuza gato, jaribuni kreme ya maziwa kwanza kwa gato moja ya nyumbani, mbele ya kuichukulia komande. Watoto watawaambia ukweli.

Mukae salama.