Kilimo Kenya 40%, Marekani 10%: Msee wa Kisumu, Usipigwe Chenga na Asilimia

Kuna hesabu moja ukiitupa pale Kondele, watu wa nduthi watabishana hadi jioni. Kilimo cha Kenya kinatoa karibu asilimia 40 ya gesi chafu zote za nchi hii. Cha Marekani? Asilimia 10 hivi pekee.

Haraka haraka utasema ng'ombe wa Nyando na mpunga wa Ahero ndio wanachoma dunia. Tulia kwanza, buda.

Asilimia ni kipande cha chapati. Lazima ujue chapati yenyewe ni kubwa aje. Mwaka wa 2015, Kenya nzima ilitoa kama tani milioni 93.7. Marekani, mwaka wa 2022, ilipita tani bilioni 6. Kwa hivyo ile 10 yao ni karibu tani milioni 600, zaidi ya mara 6 ya Kenya yote, ukiweka mashamba, magari, viwanda na misitu inayokatwa. Gawa kwa vichwa: Mmarekani mmoja anabeba kama tani 1.8 za kilimo, Mkenya hafikishi hata tani 1.

Sasa mbona kwetu kilimo kinaonekana kizito hivyo? Kwa sababu mengi ya hayo mengine ni madogo. Stima yako, kama tisa kwa kumi, ni mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana, jua na maji, yakiwemo ya Sondu Miriu hapa karibu. Viwanda ni vichache, na wengi wetu hatuna gari. Ni kama utoe Gor Mahia na AFC Leopards kwenye ligi, halafu timu inayofuata ianze kujiita mabingwa.

Lakini hiyo si ruhusa ya kulala. Ng'ombe akicheua anatoa methani, na kilo moja yake inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 ya kilo moja ya hewa ukaa kwa miaka 100. Mpunga ukikaa kwa maji muda mrefu, vijidudu vya matope vinatoa methani pia. Na hali ya hewa ikiharibika, sisi ndio tunalipa. Mwaka wa 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda hadi maji yakawaingilia watu wa ufuoni.

Habari njema ni kwamba dawa yake iko na ganji ndani. Ng'ombe anayekula nyasi kavu anatoa maziwa kidogo, na bado anacheua. Mpe lishe bora kama nepia na desmodiamu, maziwa yanaongezeka, na gesi kwa kila lita inashuka. Kwa mpunga, mwagilia, acha shamba likauke kiasi, kisha umwagilie tena. Methani inaweza kushuka karibu nusu. West Kano maji yanavutwa kutoka ziwani kwa pampu, so ukipunguza maji, bili ya stima pia inapungua.

Kwa hivyo mtu akikuja na hiyo 40 kutuambia tuuze ng'ombe, muulize maswali mawili: asilimia 40 ya ngapi? Na mkulima wa Kano atasaidiwa na nani kununua lishe na kurekebisha mifereji?