Ya dawa imetumwa. Na anayemtunza mama je?

Mwisho wa mwezi, gurupu ya familia huwa na shughuli. Huyu katuma ya dawa, yule katuma ya nepi za watu wazima, mwingine kasema atatuma kesho. Hela zote zinaingia kwa simu moja, ya dada aliyebaki na mama pale Jericho, na zote zina kazi tayari. Hakuna hata shilingi moja iliyotumwa kwa ajili yake.

Maoni yetu ni haya: anayemtunza mgonjwa nyumbani atumiwe hela yake mwenyewe, kila mwezi, kwa tarehe inayojulikana.

Wako watakaosema mama hatunzwi kwa mshahara. Ni kweli, wala huu si mshahara. Lakini huyu dada aliacha kuuza nguo Gikomba ili amgeuze mama kitandani, ampikie uji na kumpeleka kliniki. Kodi ya nyumba haikumsubiri. Akikwama atamega ya dawa, halafu aitwe mwizi.

Serikali haijaziba pengo hili. Kupitia Inua Jamii, mzee wa miaka 70 kwenda juu aliyesajiliwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mwenye ulemavu mkubwa vivyo hivyo. Hiyo ni ya mzee ama mgonjwa, si ya anayemwosha.

Sasa fanyeni hivi. Ongeeni ndugu wote, hata kama ni kwa simu, mkubaliane kiasi kila mtu atakachoweza. Watano wakitoa mia tatu mia tatu, hiyo ni shilingi 1,500. Chagueni mmoja akusanye, atume mara moja, na aongeze ya kutoa. Ya dawa iende kivyake. Ukiweza, lipa moja kwa moja kwa namba ya malipo ya duka la dawa. Hapo hesabu haziingiliani, na meseji zinabaki kama risiti.

Na wewe unayetunza, pokea yako kwa laini yako, si ya mama. Namba ya siri ya mama ibaki ya mama. Ikijulikana na nyumba nzima, siku hela zikipungua wewe ndiye utaulizwa kwanza.

Kabla ya mwezi huu kuisha, mpigie dada yako. Muulize yeye anahitaji nini, kisha ndiyo muulize habari za mama.