Kifua kikuu kisicho na kikohozi: tuanzie kwenye sufuria ya maziwa

Tukitaja kifua kikuu redioni, wengi wetu tunamfikiria mtu anayekohoa. Lakini uvimbe wa tezi shingoni usiopona, au maumivu ya tumbo ya muda mrefu, nayo yanaweza kuwa TB. Na huenda ilianzia zizini.

Ng'ombe ana kifua kikuu chake, na kijidudu chake humwingia binadamu hasa kwa maziwa mabichi. Mtafiti Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walikikuta katika maziwa ya wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 1998. Mwaka 2001 wakaeleza kwamba wamekikuta pia katika tezi za shingo za wagonjwa hapa nchini.

Kwa nini ugonjwa huu hauishi? Nchi tajiri ziliupunguza kwa kupima ng'ombe wote, kuchinja walioambukizwa na kumlipa mfugaji fidia. Sisi hatuna mpango wa taifa wa namna hiyo. Ng'ombe mwenye ugonjwa anaweza kuonekana mzima kwa muda mrefu, na ndiye anayelima shamba au kulipa ada ya shule. Ukimwambia mwenye mali amchinje bila fidia, atamuuza mnadani, na ugonjwa utahamia zizi lingine. Kwa maoni yetu, mzigo huu usiachwe kwa mfugaji peke yake.

Wakati tukisubiri serikali, kinga ya uhakika iko jikoni. Chemsha maziwa mpaka yatokote. Kugandisha hakutoshi: anayependa mtindi achemshe kwanza, apoze, ndipo agandishe. Nyama isiyopigwa muhuri wa mkaguzi tusiinunue, hata ikiwa rahisi.

Ukienda zahanati na uvimbe au kikohozi cha wiki mbili, mweleze mhudumu kwamba unafuga au unakunywa maziwa mabichi. Kipimo cha kawaida hakitofautishi TB ya ng'ombe na ya watu, na kijidudu cha ng'ombe hakisikii pirazinamidi, moja ya dawa nne za mwanzo wa tiba. Dawa nyingine zinakiua, na matibabu ni bure.

Kuanzia uwanda wa Ufipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, daktari wa watu na afisa mifugo wanahudumia kaya zilezile. Mgonjwa akipatikana nyumbani, zizi lake nalo lipimwe.