Wakili kwa kila mshtakiwa

Mzazi wa Karatina akisikia mwanawe yuko seli, hukimbilia kuuza ng'ombe. Asubiri. Kwanza alitafute jina la wakili katika orodha ya Chama cha Mawakili Kenya, maana leseni hutolewa upya kila mwaka. Kisha adai risiti ya kila shilingi.

Na asiye na ng'ombe? Kifungu cha 50 cha Katiba kinaitaka Serikali impe wakili iwapo bila hivyo atadhulumika pakubwa. Mshtakiwa wa mauaji katika Mahakama Kuu, Nyeri, hupewa. Wa wizi wa mabavu, anayekabiliwa na adhabu ile ile ya kifo mbele ya hakimu, mara nyingi hujitetea peke yake. Hatulikubali hilo. Serikali itekeleze kikamilifu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.